Paka Hakuwepo Harusini

Simu imelia sasa hivi. Sauti ya dakika nne. Mtu akikutumia sauti ya dakika nne hata chai hujanywa, ama kuna msiba ama kuna mteja. Nafungua: "Mwanangu, paka anaelea."

Mnaijua kazi yangu. Pasipoti saizi, kitambaa cha bluu, kola nyoosha, usicheke. Kazi ya heshima. Ubao wa mlangoni unasema "Tunaunganisha picha za kila aina", na aliyeuandika alikuwa na maana ya watu.

Basi juzi akaja bi mkubwa na picha ya harusi ya mjukuu wake. Ukoo mzima umo, hadi wa Tanga wasiosalimiana. Hayumo Sultani tu. Sultani ni paka. Spika zilipoanza kuguruma aliingia mvunguni, akatoka kesho yake.

"Muweke hapa, miguuni pa bibi harusi."

"Sawa mama, nipe picha yake."

Akanipa simu. Paka amepigwa usiku, flashi ya juu, yuko kwenye mkeka wa jikoni, macho yanawaka. Nikajitia ustadhi: "Mama, nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana..."

"Nimekuja hospitali ya macho?"

Nikanyamaza. Photoshop nayo, ile programu ya kurekebisha picha, siku hizi unailipia kila mwezi kama kodi ya chumba, na chumba chenyewe mnajua nakilipaje, kwa hiyo mimi natumia GIMP, ya bure tangu 1996. Nikafungua video. Mwalimu anaongea kama anakimbizwa: picha zinapangwa juu kwa juu kama karatasi, kila moja ni leya, basi harusi leya ya chini, paka leya ya juu, paka mvalishe maski. Kwenye maski, ukipaka nyeupe kitu kinaonekana, ukipaka nyeusi kinapotea. Usifute kitu, ficha tu, ukikosea unarudisha. Ningeipata maski hiyo kwa wenye madeni yangu!

Mkeka ukapotea vizuri. Paka akabaki. Bi mkubwa akavaa miwani, akasogea hadi pua ikagusa kioo.

"Huyu nani?"

"Sultani, mama."

"Sultani ana sharubu. Huyu umemnyoa."

Ni kweli, programu ikikata paka kwa pupa manyoya inayaona, sharubu inaziona uchafu. Nikashika brashi nyembamba kuliko zote, nikaanza kuchora sharubu mojamoja, mausi inanasa, watoto wamejaa mlangoni, yeye kasimama begani ananihesabia. "Hiyo imepinda. Ya Sultani inanyooka." Mama, Sultani ni paka, si jenerali! Hilo nililisema moyoni. Kwa mdomo nilisema "naam".

Tukaja kwenye kivuli. Harusi imepigwa alasiri, vivuli vya watu wote vimelala kulia. Sultani hana kivuli chochote, yuko hewani na jua lake mwenyewe. Na paka asiye na kivuli, huku kwetu Pwani, mnajua watu watasema ni nani. Dawa yake ni kumkopi paka, kumjaza weusi wote, kumlaza kulia kama wenzake, kisha kumfifisha. Nimemjaza weusi, namlaza, pu! Umeme.

Bi mkubwa akasema hana haja ya kungoja, nimtumie hivyo hivyo kwa simu laptopu ikipata uhai. Na bei?

"Elfu kumi, mama."

"Elfu kumi! Paka mwenyewe nilimwokota bure."

Akaacha elfu tatu na dua. Nikamtumia. Ndiyo hii sauti ya dakika nne.

Tangu hapo habari zimeenea. Kuna kijana anataka jogoo wake ashikane naye mkono. Kuna mzee anataka picha na mbuzi aliyekwisha kuliwa Idi. Mwingine ana mbwa mweusi, amempiga gizani, anasema "wewe mtoe tu".

Nitamtoa na nini? Wino wa printa umepanda, mwenye nyumba anapita dirishani anakohoa kikohozi cha tarehe mosi, na yule jirani aliyechukua chaja yangu "mara moja tu" mpaka leo yuko kwenye hiyo mara moja. Nimempigia, simu yake haipatikani. Haina chaji, eti! Na chaja anayo yeye!