Tope la Sabaki: mwanga unaona, lakini je, unapima?

Kaskazi inapoanza kuvuma baada ya mvua za vuli, bahari ya Malindi hugawanyika: karibu na nchi maji huwa na rangi ya udongo, na mbele yake buluu. Udongo huo huletwa na Mto Sabaki, kisha upepo na mawimbi ya majira hayo huusukuma kusini, kwenye matumbawe yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1968. Ili kujua tope linalofika huko ni kiasi gani, wengi sasa wanategemea mwanga.

Hoja yao ni nzito. Chembechembe majini hufyonza na kutawanya mwanga, hivyo kifaa kinachopima mwali uliopenya au uliorudi nyuma hutoa jibu papo hapo, mchana na usiku. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1865 padri Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe katika Mediterania ili aone inapotea machoni kwenye kina gani. Leo setilaiti ya PACE ya Marekani, iliyorushwa Februari 2024, husoma rangi ya bahari ya dunia nzima.

Hata hivyo, mwanga haujui uzito. Gramu moja ya udongo laini hutawanya mwanga mwingi kuliko gramu moja ya mchanga, kwa kuwa chembe ndogo kwa pamoja zina uso mpana zaidi. Kwa hiyo usomaji uleule unaweza kumaanisha mizigo miwili tofauti kabisa. Kioo cha kifaa nacho huota mwani, na mawingu huiziba setilaiti siku zilezile mto unapofurika.

Mizani haina utata huo, ila ni ya polepole. Maji huchujwa kwa karatasi ya nyuzi za kioo iliyokwisha kupimwa, kisha karatasi husuuzwa, hukaushwa na kupimwa tena. Kusuuza ndiko kwenye kazi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ilhali tope lake mara nyingi ni miligramu tu.

Mimi naunga mkono mwanga, kwa sharti moja nisiloweza kulilegeza: mlinganyo wa kugeuza mwanga kuwa uzito usiazimwe kutoka mto wa Ulaya, bali utokane na chupa zilizochotwa Sabaki kwenyewe, kando ya kifaa, saa ileile, mto ukiwa umefurika.