Garanti bado si pato lako

Hapa Lubumbashi, Kongo, mtu akipata tu dekonti, malipo yake ya mwisho kazini, au zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa, ikifika, hakosi ndugu wa kumwambia: jenga anekse. Vyumba vinne nyuma ya nyumba yako, wapangaji waingie, wewe ukae ule loye, yaani kodi ya vyumba. Shauri si baya. Watu wanazidi kuhamia mjini, na fundi anayejua kujenga kwa matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, hatafutwi mbali. Ninachokataa ni hesabu inayoandamana na shauri hilo, maana wengi wanaoanza ubayere, kazi ya kupangisha nyumba, wanaanza kwa kula garanti, ile amana anayoweka mpangaji akiingia.

Tuchukue mfano. Vyumba vinne, dola 60 kwa mwezi kila kimoja, garanti ya miezi mitatu. Wapangaji wakishaingia wote, bayere mpya ana dola 720 mkononi, na loye ya kwanza hata haijaanza. Pesa hiyo inakwenda kwenye matole, yaani mabati, ya chumba cha tano, au pikipiki, au msiba kijijini. Nyumbani hakuna anayehoji, kwani wote wanaiita faida. Kumbe ni deni la watu wanne, na siku ya kulilipa wanaichagua wao.

Mmoja akitaka kuhama anaomba garanti yake. Bayere anamjibu, "Vumilia kidogo mama, mpaka nipate mwingine." Mama huyo naye anadaiwa garanti kule anakokwenda, basi anaamua kubaki miezi mitatu bila kulipa: anailia garanti yake humo humo chumbani. Wanaonekana wamemalizana. Lakini bayere amepitisha miezi mitatu bila loye, na siku mizigo inapotoka anakuta kitasa kimevunjika, choo kimeziba na fakitire ya umeme ya SNEL haijalipwa, huku hana hata dola moja ya kukatia hasara hizo. Garanti iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi loye ya miezi mitatu. Wapo wanaodai sita, na mwenye shida analipa. Kwa maoni yangu anayeanza ashike mitatu, hata kama hakuna wa kumkagua: ukichukua nyingi, umekopa nyingi.

Loye yenyewe nayo usiihesabu mara kumi na mbili kwa mwaka. Mimi nahesabu kumi, na bado naona nimejipendelea. Mji huu unalishwa na migodi. Februari 2025 serikali ilipositisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, jirani yangu alikuwa amejaza parseli yake, yaani kiwanja chake, vijana wa kampuni za sutretansi, zile zinazopewa vibarua na migodi, wote wa kazi ya aina moja. Alikuwa akijivunia kwamba wanalipa bila kusumbua. Kazi iliposimama, loye nayo ikasimama. Sasa hivi vyumba viwili amewapa mwalimu na mama muuza dagaa, na anasema dagaa ndizo zinazolipa kwa wakati.

Kuhusu hati nitasema machache. Tangu sheria ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia tu. Haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement, yaani cheti cha usajili, kutoka ofisi ya hati za ardhi. Barua ya chifu wa kartie, yaani wa mtaa, haichukui nafasi yake, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kama parseli haina cheti hicho, hayo matofali yasubiri.

Umeme ndio unaoleta ugomvi hata kwa wapangaji wapole. Kompteri moja ya kupimia umeme, familia nne, na mmoja ana kongelateri, friji ya kugandisha, ya kuuzia maji baridi. Mwisho wa mwezi kila mtu anasema yeye anawasha taa moja tu. Kabla ya kuongeza chumba cha tano, tafuta namna kila mlango upimiwe umeme wake. Na kama parseli yako haina maji, chimba kisima kwanza: watu wanakubali chumba kidogo, lakini kubeba bidoni kutoka avenyu nyingine wanachoka haraka.

Kontra, yaani mkataba, iandikwe hata kama mpangaji ni shemeji, hasa kama ni shemeji. Nakala mbili, kiasi cha garanti, hali ya milango na vioo, namba inayoonekana kwenye kompteri siku ya kuingia, kisha uipitishe kwenye ofisi ya habitat, ile ya mambo ya nyumba, ya komini. Garanti iwekwe kwenye akaunti ambayo huigusi kwa simu kila jioni. Na wewe ambaye yako imeshageuka matole juu ya paa, anza na loye ya mwezi huu: toa dola 15 kwa kila chumba uziweke kando. Kwa vyumba vya dola 60, baada ya loye kumi na mbili garanti yote itakuwa imerudi.