Baba mdogo alivyopotea kwenye picha ya Krismasi

Aisee mi mpaka leo naogopa kurudi Moshi na kamera.

Ilikuwa tarehe 25 usiku huko Uru, ukoo mzima umepanda kutoka Dar, watu wameshiba mtori, pombe ya mbege inazunguka. Baba mdogo kanunua zile taa za kuwaka na kuzima, kazizungushia kwenye mibuni, kwenye migomba, mpaka banda la ng'ombe, ng'ombe mwenyewe kaacha kutafuna anashangaa. Na mi nina kamera yangu ya mtumba, nimetoka kujifunza YouTube jinsi ya kupiga picha ya kuacha shata wazi, yaani kile kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, nikasema leo ndo leo.

Kwa asiyejua, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, unashusha mpaka 100, tundu la lenzi unalibana kwenye f/8, shata unaiacha wazi sekunde 30. Zile taa zinazopokezana, kwenye picha zinatokea zote zimewaka kwa pamoja, raha tupu. Sema kitu chochote kisitikisike, kikisogea kinafifia. Stendi sina, nikapanga makreti mawili ya bia, juu nikaweka mfuko wa maharage, kamera ikalala humo kama kichanga, nikatega taima ya sekunde 2 ili hata kidole changu kisiiguse.

Nikawaambia, wazee wangu shikamooni, naomba mtulie sekunde 30 tu. Sasa watu wako na mbege, sekunde 30 za kunyamaza ni ndefu kuliko ibada ya asubuhi.

Shata ikafunguka. Sekunde ya nne hivi baba mdogo akasikia supu ya kisusio inafurika jikoni, akachomoka. Mi nikaona sio ishu.

Picha kutoka, taa balaa, bibi katulia kama kachongwa, shangazi ana vichwa vitatu maana kila akiitwa anageuka. Baba mdogo hayupo! Ukikodoa sana unaona kamoshi ka shati lake, na katikati ya kifua mgomba unaonekana freshi kabisa.

Nikaanza kueleza habari za mwanga, nani anisikilize. Kwetu Wachagga kitinda mimba ndo anabaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na baba mdogo ndo kitinda mimba, halafu baba mkubwa akaropoka, "Basi afadhali, kihamba kimebaki wazi." Baba mdogo akanuna. "Taa ninunue mimi, umeme nilipe mimi, halafu unipige picha ya marehemu?"

Ikabidi turudie. Safari hii kasimama katikati, kifua mbele, kama hapumui vile. Sekunde ya kumi hivi, pwaa, umeme ukakatika. Watu wakatawanyika kutafuta mishumaa huku mi napiga kelele jamani msiondoke shata bado iko wazi, shangazi akaja na tochi ya simu akammulika baba mdogo usoni, "We nawe bado umesimama tu?" Na kweli kasimama, hajatikisika hata ukucha.

Picha ile bwana, wengine wote wamefifia kama vivuli, yeye anang'aa kama malaika Gabrieli. Kaisafisha ile saizi kubwa, katia fremu, ipo sebuleni juu ya tivii. Baba mkubwa siku hizi akija anachagua kiti cha kuipa mgongo.