Nani asimame mbele ya mbuyu?

Jumamosi moja asubuhi niliongozana hadi Msasani na vijana wawili wanaotengeneza filamu ya makala kuhusu miti ya kale ya Dar es Salaam. Mmoja anashika kamera, mwenzake ndiye mtangazaji. Huyu wa pili alikuja na kofia ya kaki na buti za msituni, wakati kituo cha bajaji kilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale tuliposimama. Akauegemea mbuyu, akaikazia macho kamera: “Mti huu una miaka elfu moja.” Muuza madafu aliyekuwa ameegesha baiskeli yake kivulini akainua kichwa. “Alikuwepo nani akahesabu?”

Tulicheka, ila swali lile ndilo linalowagawa watu wa filamu hizi. Wapo wanaosema mti mkongwe unahitaji mtu wa kuusemea. Wapo wanaotaka mtu huyo akae pembeni, isikike sauti tu, mti ujionyeshe wenyewe.

Wanaomkataa mtangazaji wana hoja. Binadamu akisimama mbele ya lenzi, jicho linamfuata yeye na mti unageuka pazia. Na kwa jinsi mjini kwetu watu wanavyosaka kiki, filamu ya mbuyu inaweza kuishia kuwa filamu ya kofia. Halafu kuna kutia chumvi. Umri wa mbuyu hausomeki kirahisi kwa kuhesabu pete za ukuaji zilizo ndani ya shina: zenyewe ni hafifu, shina mara nyingi lina uvungu, na huo unaouona ni mti mmoja mnene huenda ni mashina kadhaa yaliyoungana. Ndiyo maana watafiti huchukua vipande vidogo vya mti na kupima kaboni iliyomo, wapate kukadiria umri. Kwa njia hiyo mbuyu wa Panke, Zimbabwe, uliofikia mwisho wake kati ya 2010 na 2011, ulikadiriwa kuwa na miaka 2,450 hivi. Utafiti uliochapishwa 2018 ukaonyesha kuwa kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au mashina yake ya kale yameanguka, ndani ya miaka 12 tu. Watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi. Mwenye habari kama hiyo mkononi hana haja ya kubuni elfu moja yake.

Kuna pia wasiwasi wa kuanika mahali mti ulipo. Marekani, msonobari unaoitwa Methuselah, wenye zaidi ya miaka 4,800, ulipo hapatangazwi, wageni wasije wakauharibu. Hoja hiyo naiheshimu, lakini kwa mbuyu wa Msasani haina kazi. Utaficha wapi kitu ambacho kila dereva wa bajaji anakitumia kuelekeza njia?

Mimi niko upande wa mtangazaji, na sababu ya kwanza ni ya macho tu. Mti hausogei, na kwenye simu mbuyu na mchicha vinalingana ukubwa. Mkukusu wa Kilimanjaro uliotangazwa 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote Afrika una mita 81.5. Namba hiyo haimwambii kitu mtu wa Tandika mpaka aone mwenzake, mdogo kama siafu, amesimama kwenye mizizi. Pale Msasani filamu ilipata uhai kijana alipoazima kamba ya kufungia madafu akataka kuuzungusha mti. Haikutosha. Wakaunga mkanda wa suruali, bado. Muuza madafu akatanua mikono kuziba pengo, shavu lake limebanwa kwenye gome, huku akilalamika kwamba wateja wanapita. Kofia ilikuwa imeshaanguka zamani na hakuna aliyeikumbuka.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Mbao za mbuyu ni laini, zimejaa maji; hazifai kwa ujenzi na mkaa wake haumlipi mchomaji. Kwa hiyo hapa mjini adui wake si yule wa misitu ya Pugu, ambako mkaa ndio shida. Hapa mbuyu unauawa na kiwanja: ukuta, msingi wa nyumba, barabara inayopanuliwa. Filamu inayotaka kuuokoa lazima imfikie mwenye kiwanja. Sauti isiyo na mwili haiwezi kupiga hodi getini. Mtangazaji anaweza kupiga hodi, akakaribishwa au akafukuzwa, na sisi tukaona sura ya mwenye nyumba anapoeleza kwa nini mti unamzuia kujenga. Asikilizwe naye, maana kiwanja amekilipia.

Ila kuna pahali mtangazaji anyamaze kabisa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, likining'inia kichwa chini, na popo hulijia usiku. Kesho yake limeshasinyaa na kuanguka. Hapo nataka kusikia mabawa tu.

Wiki iliyopita walinitumia kipande walichokwisha kukihariri. Kofia imo, na “miaka elfu moja” imo pia. Nikampigia mtangazaji kumuuliza kwa nini hawajaikata, ilhali wanajua si kweli.

“Tukiikata, mzee wa madafu atauliza nini?”