Punda si ng'ombe: nipeni jiwe la chumvi pamoja na karatasi yake

Jumamosi iliyopita nilishuka Igoma, hapa Mwanza, kutafuta chumvi ya punda wangu. Kwenye duka moja la pembejeo nikamkuta kijana amechuchumaa, nyundo mkononi, anapasua jiwe la kulamba juu ya gunia. Vipande vyekundu kama tofali. Anaviweka kwenye mizani, anavifunga kwa gazeti, anamkabidhi mteja. Nikamuuliza, "Mwanangu, hili lina nini ndani?"

"Madini, mama."

"Madini gani?"

"Madini yote."

Nikauliza karatasi yake, ile inayotaja vilivyomo, iko wapi. Ilishatupwa, jiwe lilifunguliwa tangu juzi. Nikamwambia mimi nafuga punda. Akanijibu kwa upole kabisa, bila ubaya wowote: "Mnyama ni mnyama, mama. Ng'ombe wanalamba, punda naye atalamba."

Niliondoka mikono mitupu, na neno lile limenikaa kooni wiki nzima.

Simlaumu kijana peke yake. Huku kwetu dukani kila kitu cha mifugo kinauzwa kwa kumfikiria ng'ombe, na nyumbani ndivyo tulivyolelewa. Ng'ombe ndiye mali, ndiye mahari, ndiye anayetajwa kwenye vikao. Punda anabeba maji, kuni, mahindi, pamba ya msimu, mchanga wa kujengea nyumba za watu. Akilegea anaitwa mvivu na kuongezwa fimbo. Serikali ilipopiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022 nilishukuru, na Umoja wa Afrika ulipokataza mwaka 2024 wasichinjwe kwa ajili ya ngozi nilishukuru zaidi. Lakini huyo tuliyemwachia uhai bado tunamlisha kwa kubahatisha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Ipo dawa inaitwa monensini. Huwekwa kwenye vyakula vya kuku kuzuia ule ugonjwa wa kuhara damu, na nchi nyingi huwapa ng'ombe wa kunenepesha ili chakula kiwafae zaidi tumboni. Kuna hata mawe ya kulamba ya ng'ombe yanayotengenezwa yakiwa na dawa hiyo. Ng'ombe anaipokea vizuri kwa kipimo chake. Farasi, punda na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, inawaua. Miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kumuua farasi. Inashambulia misuli ya moyo, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mbaya zaidi, mnyama anaweza kunusurika siku ile, ukadhani amepona, kisha siku nyingine akaanguka akiwa kazini kwa sababu moyo ulishaharibika. Wewe utasema amechoka, au amerogwa, au jua lilikuwa kali.

Jiwe lile la Igoma huenda ni chumvi na madini tu. Karatasi ndiyo ingesema, na karatasi ilikuwa jalalani.

Halafu kuna mawe yenye urea. Ng'ombe anacheua, wadudu walio kwenye tumbo lake la kwanza wanaigeuza urea kuwa protini, kwa hiyo kiangazi majani yakikauka jiwe la namna hiyo linamsaidia kweli, tena sana. Punda hacheui. Ana tumbo moja, na majani yanachachuka huko nyuma kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya urea imeshaingia kwenye damu na kutolewa na mkojo. Analipiwa kitu kisichomfaa, na akizidisha kinamdhuru. Kwa hiyo ukikuta neno urea kwenye karatasi, jiwe hilo ni la zizi la ng'ombe, lisivuke kwenda kwa punda.

Wekundu wa jiwe nao usikupe moyo. Mara nyingi ni kutu ya chuma tu. Mawe mengi mekundu ni chumvi ileile kwa sehemu kubwa, na madini mengine yamewekwa kidogo sana. Hata yale mawe ya rangi ya waridi yanayotoka Pakistani, wanayoyatangaza siku hizi kwenye simu, rangi ni ya chuma, na chuma punda anakipata tele kwenye majani na udongo.

Anachokosa ni chumvi yenyewe. Majani yetu hayana sodiamu ya kutosha, maji ya ziwa hayana chumvi, na punda anayevuta mkokoteni anatoka jasho. Mwaka jana nilimpeleka punda wangu Rehema kwenye mwalo mmoja upande wa Magu, amebeba kuni za mama mmoja anayetengeneza kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Tulipomaliza kushusha, Rehema akasogea kwenye ubao wanaopasulia sangara na kuwapaka chumvi kabla ya kuwaanika. Akaanza kuulamba. Aliulamba hadi mbao ikabadilika rangi, ikawa nyeusi kwa mate, inzi wanamjaa machoni na yeye hatikisi hata sikio. Wachuuzi walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilijua maana yake: mnyama wangu alikuwa na njaa ya chumvi, na jiwe lilikuwa linaning'inia nyumbani.

Ndiyo, jiwe lilikuwepo! Nililitundika mimi mwenyewe, zizi moja kwa ng'ombe na punda. Jioni ile nikaliangalia kwa makini. Upande wa ng'ombe ulikuwa umechimbika, laini, kama kigoda kilichokaliwa miaka. Upande wa Rehema ulikuwa na alama za meno. Alikuwa anatafuna kingo. Mruhusu ng'ombe akulambe kiganja, utasikia kama msasa. Ulimi wa punda ni laini kama kitambaa kibichi. Jiwe gumu lililotengenezwa kwa ulimi wa ng'ombe linampa punda kidogo mno, hivyo anang'ata, anaumiza meno, na bado hashibi.

Kwa hiyo mimi sasa nanunua chumvi nyeupe ya kawaida, ile ya kusagwa, yenye madini joto, hii tunayotia kwenye mboga. Basi. Farasi wa kilo 500 asiye na kazi anahitaji sodiamu gramu 10 hivi kwa siku, na kwa kuwa kwenye gramu 100 za chumvi sodiamu ni 39, hiyo ni kama gramu 25 za chumvi. Punda wangu ana kilo kama 150, kwa hesabu hiyo inakuja gramu 7 au 8, kijiko cha chai kilichojaa na kidogo juu yake. Siku ya kazi nzito na jua naongeza. Naichanganya na konzi moja ya pumba iliyoloweshwa kidogo, na ndoo ya maji safi lazima iwe pembeni. Chumvi bila maji ni mateso.

Nakubali, jiwe lina faida yake. Mvua haiyeyushi kwa haraka, halimwagiki, na ukiwa na safari ya siku mbili mnyama anajihudumia. Ukilitaka kwa punda, tafuta jeupe, la chumvi tupu, lenye karatasi yake. Magadi msimpe badala ya chumvi. Magadi ni kitu kingine kabisa. Na wenye kondoo, nao wasome karatasi, maana shaba inayomfaa ng'ombe inamdhuru kondoo.

Wazee wetu wa Usukumani walikuwa wanatembea hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi, safari ya miguu ya siku nyingi, kwenda na kurudi na mzigo. Walijua chumvi imetoka wapi na nani ataila. Sisi tunaipata Igoma kwa daladala, tunaibeba ndani ya gazeti, hatujui hata ina nini.

Jumamosi hii narudi kwa yule kijana. Nimemwandalia ombi moja: akifungua jiwe, karatasi yake aibandike ukutani juu ya mizani, na isitoke pale hadi kipande cha mwisho kiuzwe. Gundi nitakwenda nayo mwenyewe.