Taka Zina Wenyewe

Nianze kwa kusema kwamba mimi si bahili. Bahili ni yule jirani yangu wa upande wa mashariki, anayezima redio wakati wa matangazo ya biashara ili betri isiishe. Mimi ni mtu wa bajeti. Tofauti yetu ni moja tu: yeye amefanikiwa.

Habari hii ilianza Julai, na aliyewahi kulala Dodoma mwezi wa Julai anaijua Julai yenyewe. Upepo unapita Nkuhungu kama umetumwa kudai kodi, unagonga bati, unaingia chini ya mlango, unachungulia mpaka kwenye blanketi. Wiki hiyo Mama Neema alikuwa amenunua kisado cha tatu cha mkaa na bado ilikuwa Alhamisi. Kisado elfu mbili, na nusu yake chenga. Ukimuuliza muuza mkaa, anakujibu bila hata kukutazama, "Mzee, hizo ni za chini ya gunia." Nimekaa mji huu miaka ishirini, sijamwona mtu aliyeuziwa za juu ya gunia.

Msiniambie habari za gesi. Gesi tunayo. Mtungi wa kilo 6 umekaa pembeni, umefunikwa kitambaa cha kudarizi kama mkwe aliyekuja kusalimia. Kazi yake ni chai ya wageni. Maharage kwenye gesi? Thubutu. Redioni wanatuambia lengo ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapika kwa nishati safi, nami naunga mkono kwa mikono miwili, ila maharage yalikuwa yanataka kuiva Alhamisi ile ile. Halafu kuna lile katazo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, lililoanza Januari 2024. Kwangu tuko saba. Lakini ukijumlisha watoto wa jirani wanaozuka saa saba mchana wakiwa wamenawa mikono tayari, siku yoyote nitakaguliwa.

Sasa usiku huo nikiwa na simu nikakutana na video. Mzungu mmoja kavaa sweta, kaloweka magazeti kwenye ndoo, kayaponda, kayakamua kwenye kichuma, kayaanika, yakawa magogo. Kayawasha. Moto mzuri, wa dhahabu, yeye kakaa mbele yake na kikombe, mbwa kalala miguuni. Dakika nne tu. Na mwishoni akasema kuni hizo ni za bure kabisa.

Hilo neno "bure" ndilo lililoniponza.

Asubuhi nikaitangazia familia kwamba kuanzia leo nyumba hii inajitengenezea magogo. Mwanangu wa darasa la sita akauliza, "Baba, magogo au vigogo?" Nilitaka kumkemea, nikaona kwa Dodoma swali lina msingi. Tuna Wagogo, wenye nchi, ambao wazee husimulia kwamba jina lao lilitokana na magogo, walipewa na misafara ya Wanyamwezi iliyokuwa ikipita hapa kwenda pwani. Tuna vigogo, waliokuja kwa wingi serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli, na tangu hapo mwenye nyumba wangu ananipandishia kodi utadhani nami nimekuja na ving'ora. Yakiongezeka magogo ya karatasi, mtoto lazima achanganyikiwe.

Nikaingia kazini. Hatua ya kwanza, mzungu alisema, ni kukusanya taka za nyumbani. Nikainama chini ya kitanda nikavuta rundo la magazeti.

"Hayo weka," Mama Neema akasema.

"Si taka haya?"

"Hayo ni ya mama wa maandazi. Ananipa kwa kilo."

Kumbe kwa miaka yote mke wangu anafanya biashara ya magazeti chini ya kitanda ninacholalia, na mimi ndiye ninayeyanunua! Nikarudisha. Nikageukia maboksi nyuma ya mlango. Maboksi ni ya kijana wa mkokoteni, anapita kila Jumamosi. Trei za mayai zilizopangwa juu ya kabati? Zinarudi dukani, usiporudisha unakatwa. Makopo ya maziwa ya unga yameshaoteshwa vitunguu majani. Hata magunzi ya mahindi, ambayo nilidhani hayana ndugu, yana mtu wake.

Nikatoka nje ya boma langu nikiwa na matumaini. Kwa fundi seremala mtaa wa pili kulikuwa na kichuguu cha maranda kinachofika kiunoni. Nikamwambia, "Fundi, nakusaidia kusafisha." Akacheka. Maranda yale yameshalipiwa mpaka mwisho wa mwezi ujao na mfuga kuku anayeyatandika bandani. Ule unga laini wa msumeno nao una mwenyewe. Nikaenda kwa muuza mkaa kuomba zile chenga za chini ya gunia, maana nilisikia ukizichanganya na karatasi gogo linashika moto zaidi. Chenga zinakwenda kwa mtu wa chipsi pale kona. Bei yake sitaitaja, nisije nikawapandishia wengine.

Ndugu zangu, mji huu hauna taka. Una mali zinazosubiri wenyewe. Mimi na mshahara wangu wote, kitu pekee nilichokuwa natupa ni pesa.

Mwisho wa siku nilibaki na vile ambavyo hakuna binadamu anavitaka: madaftari ya Neema ya darasa la tatu, bili za maji, vipeperushi vya kampeni (vya vyama vyote, sibagui), mifuko miwili ya saruji iliyobaki nilipojenga choo, na kadi kumi na saba za kuomba michango ya harusi. Kumi na saba. Kati ya hizo, maharusi wanne wana watoto wanaotembea na bado naombwa nimalizie ahadi.

Nilifikiria kuongeza chupa za plastiki ili moto uchangamke. Mama Neema akanitazama jicho lile. Na ni kweli, moshi wa plastiki ni sumu, hauingii kwenye chungu cha mtu mwenye akili. Zamani tulikuwa tunawashia jiko kwa mifuko ya rambo, tunakohoa, tunasema mkaa mbichi. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 angalau tunakohoa kwa sababu nyingine. Halafu chupa zenyewe zina mtoto anayezikusanya.

Hatua ya pili: kuloweka. Hapa ndipo nilipojua kwamba yule mzungu anaishi kwenye mvua. Karatasi inakunywa maji kuliko ng'ombe aliyetoka mnadani. Na sisi wiki hiyo mgao ulikuwa umetukalia, bomba linakohoa hewa tu, dumu la mkokoteni shilingi mia tano. Nikaloweka kwa madumu nane. Wanasema jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye matope. Mimi kila nikilipia dumu huwa najiuliza, tembo huyo alikuwa mtaa gani?

Siku tatu karatasi zikawa zimelegea, ila si za kulegea vya kutosha. Lazima zipondwe mpaka ziwe kama uji wa lishe. Kwa mikono haziendi. Nikatazama huku na huku, nikaona kinu.

Naomba hapa mnielewe. Mama Neema alikuwa kanisani. Kinu kile alipewa na marehemu mama yake, Mvumi, na hakitwangi kitu kingine isipokuwa karanga. Nilidhani nitakisuuza. Nilikisuuza kweli, kwa dumu la tisa. Lakini mti wa kinu una kumbukumbu. Jioni ile ukaja mlenda wa karanga mezani, nikaonja, nikasikia ladha ambayo siwezi kuieleza vizuri zaidi ya kusema ilikuwa ya tangazo la nafasi za kazi. Mama Neema akaonja. Akaweka kijiko chini. Akanusa kinu. Hakusema neno, na nyie mliooa mnajua kunyamaza kule kunagharimu kiasi gani.

Kukamua sasa. Kichuma cha mzungu sina, nikachukua kipande cha bomba la inchi nne, nikakitoboa kwa msumari wa moto ili maji yapate njia, nikatengeneza kifuniko cha mbao, nikaazima jeki ya gari kwa jirani bahili, aliyenidai niweke simu yangu rehani. Ili vishikane nikapika uji wa muhogo, kilo mbili za unga, nikauchanganya humo. Ukipiga jeki, maji yanatoka kwenye vitobo rangi ya kijivu, yakinirukia usoni, na mwisho unasukuma kwa chini linatoka gogo. Sitawadanganya, la kwanza lilipotoka nilisikia kitu kifuani. Zito, la mviringo, lina tundu katikati la kupitisha hewa, na ubavuni neno "Hongera" la mwalimu wa Neema bado linasomeka. Nikapata kumi na sita. Nikayaanika uani kwenye mabati, mstari mmoja, kama gwaride.

Jua la Dodoma halina mchezo, na upepo ule uliokuwa ukinitesa sasa nikauona mfanyakazi wangu. Siku ya pili yalikuwa yamekauka, ukigonga yanalia ko-ko-ko. Nikalala usingizi wa mwenye kiwanda.

Saa kumi na mbili asubuhi nikasikia kutafuna.

Mbuzi sita. Mbuzi wa bibi wa nyumba ya pili, Mgogo wa watu, mpole, na mbuzi wake kumbe wanausikia uji wa muhogo kutoka mtaa mzima. Wamesimama kwenye mstari wangu, kila mmoja na gogo lake, wanakula taratibu kama wajumbe wa semina. Kabla sijapata fimbo, magogo kumi na mawili yalikuwa tumboni. Madaftari yamekwenda. Bili za maji zimekwenda. Vyama vyote vimekwenda. Kitu kimoja tu walikitema, kimetapakaa uani vipande vipande: kadi za harusi. Zile karatasi zinazong'aa hazikulainika majini, hazikupondeka kinuni, na mbuzi wanaokula hadi malapa wamezikataa. Nikaokota kipande kimoja. Kimeandikwa kwa maua pembeni: "Ahadi yako: 50,000/="

Yalibaki manne. Mama Neema akatamka neno lake la kwanza tangu Jumapili: "Haya, pika maharage."

Nikapanga mafiga uani, nikawasha. Wanangu wamekaa, jirani bahili kaja kuangalia jeki yake ilizalisha nini. Mwanzo hakukuwa na moto, kulikuwa na moshi. Moshi mweupe, mzito, wa kusimama. Nikavunja gogo moja nikaangalia: nje limekauka kama mfupa, ndani limelowa kama chapati mbichi. Kumbe jua letu kali ndilo lililonidanganya, linakausha ganda upesi na kuyafungia maji ndani. Yalitaka wiki mbili, tena kivulini penye upepo, nami niliyapa siku mbili. Jirani wa nyuma akapiga kelele kuuliza kama tunahitaji msaada.

Baadaye likashika. Tena likashika vizuri, moto ukapanda wa dhahabu kama ule wa mzungu, watoto wakapiga makofi, maharage yakaanza kutingishika. Dakika kumi na mbili, nilihesabu. Halafu likajikunja, likawa jivu jepesi, upepo ukalichukua ukalipeleka kwenye nguo za jirani. Karatasi haiachi kaa, jamani. Ina moto wa mbele ya watu tu. Maharage yanataka kaa linalokaa saa mbili likinung'unika chini. Yule mzungu, nilipoirudia ile video, hakuwa amepika kitu chochote. Alikuwa anaota moto.

Maharage yaliivia kwenye gesi. Mama Neema alikiondoa kile kitambaa cha kudarizi, akakikunja mara nne, akanikabidhi nikishike.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bili ya maji mpya. Madumu tisa, elfu nne na mia tano. Unga wa muhogo, elfu nne. Bomba, elfu sita. Jeki ilikuwa ya bure ila jirani alipiga simu nane kwa vocha yangu. Visado saba vya mkaa hivyo, na chenji ya kununulia maandazi, ambayo yangefungwa kwenye magazeti yangu.

Juzi nimekaa uani bibi akaingia, mkongojo mkononi, mbuzi wote sita nyuma yake. "Mbukwenyi," akasalimu. Nikampa shikamoo, nikamvutia kigoda, nikajua amekuja kuomba radhi, na nilishapanga kusamehe.

"Mjukuu wangu," akasema, "vile vimikate vyako umeacha kutengeneza? Hawa kila asubuhi wanakuja hapa wanakuta bati tupu, wanarudi hawataki hata pumba."

Kabla sijajibu, sauti ya Mama Neema ikatoka jikoni: "Mtajie bei!"

"Ila safari hii," bibi akaongeza, "usitie yale makaratasi yanayong'aa. Dume halikuyapenda."

Nimemwambia nitamjibu kesho. Natafuta kwanza mtu wa kuniazima kinu.