dBi 48 kwenye boksi, dBi 9 kwenye paa

Boksi la antena ya kuvuta mtandao wa 4G limeandikwa dBi 48, yaani desibeli za geini: uwezo wa antena kukusanya mawimbi upande mmoja. Ndani mna bapa mbili za plastiki, kila moja si kubwa kuliko sahani ya chai, na waya mwembamba. Muuzaji wa Kariakoo haoni hata haya: "Bosi wangu, hii 4G inajaa mpaka juu!"

Tupige hesabu basi. Kwenye megahezi 1800, wimbi moja lina urefu wa sentimita 16.7. Geini ya antena inatokana na eneo lake ukililinganisha na urefu huo wa wimbi. Wino wa boksi haumo. Ukitaka dBi 48 kweli, tafuta dishi la kipenyo cha mita 17 hivi, tena lenye ufanisi wa asilimia 60. Duka zima halilitoshi! Bapa la sentimita 20 kwa 20 haliwezi kufika 13 hata litengenezwe na malaika. Ukiambulia 9, shukuru.

Halafu hizo 9 zenyewe zinaliwa njiani. Mita 10 za RG-58, waya mwembamba wa antena, kwenye masafa hayo zinameza desibeli 8 hivi. Umepanda paani, umetoboa bati, umebaki na 1. Dawa ni kuifunga ruta kwenye boksi lisiloingiza maji, chini tu ya antena, waya wa antena usizidi mita 1, kisha ushushe kebo ya mtandao ndani pamoja na umeme wake. Jua la Dar litaichemsha ruta, kwa hiyo boksi liwe jeupe na likae kivulini.

Sawa, nakubali: nyumba ya bati kule Chanika, hata antena hiyo ya uongo inasaidia. Inasaidia kwa sababu imetoka nje ya bati na kupanda juu.

Wanaochora antena kwenye kompyuta nao wasicheke. S11 (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ya desibeli -40 haithibitishi kwamba antena inarusha mawimbi. Kipingamizi cha omu 50 nacho kinaitoa, na hakirushi kitu.

Ukishafunga, usihesabu vijiti vya mtandao. Fungua ukurasa wa ruta, geuza antena kidogo kidogo, subiri namba itulie, fuata SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele) kabla ya RSRP (nguvu ya mawimbi). Mnara wa karibu uliofurika watu mara nyingi hushindwa na wa mbali. Konekta zizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, maana kwa chumvi ya Kigamboni shaba huota kijani upesi.